Mcheza Kwao Hutunzwa?

Mtu anayemlisha mbuzi wake, akamkinga na mvua na kumtafutia dawa anapougua, tunasema anamtunza. Na mtu anayenyanyuka kitini ukumbini, akamwendea mwimbaji wa taarabu katikati ya wimbo na kumpa noti, naye tunasema anamtunza. Neno ni moja, kazi ni mbili. Humo ndimo ilimotoka tunzo, ambayo wengi siku hizi huiandika tuzo na kuipa maana ya kikombe, cheti na makofi. Ile maana ya kulisha na kukinga tumeiacha zizini. Mimi nina tabia ya kuliamini neno linapobeba mambo mawili kwa mpigo. Mara nyingi waliolitumia kabla yetu walikuwa wameona undugu ambao sisi tumeusahau.

Nimekuwa nikiliwaza neno hili hapa Juba kwa sababu ya swali moja: tunafanya nini hasa tunapomtambua mhadhiri bora wa uhandisi, au mtafiti bora wa teknolojia, katika chuo kikuu? Swali laweza kuonekana la anasa katika mji ambao kaya nyingi hununua maji kutoka kwenye lori na kusikiliza jenereta za majirani usiku. Lakini penye uhaba ndipo sifa inapokuwa na gharama. Anayetoa kikombe amechagua kutonunua kitu kingine, na anayekipokea anajua hivyo. Kwa hiyo hapa hatuwezi kusifu ovyo. Lazima tujue tunachosifu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ina maneno matatu, na kila neno linafunga swali ndani yake. Kucheza ni nini? Kwao ni wapi? Na kutunzwa ni kufanywa nini?

Tuanze na kucheza, maana hatuwezi kumtunza mchezaji ikiwa hatujui hatua nzuri ikoje. Tuna methali nyingine isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Konyo Konyo huenda ikawa kweli: embe zuri humwita mnunuzi lenyewe. Katika uhandisi mambo huenda kinyume. Mei 2022 lilifunguliwa hapa Juba Daraja la Uhuru, linalovuka Nile Nyeupe kwa urefu wa mita 560, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Ujenzi ulianza mwaka 2013. Vita vya Desemba mwaka huo vikausimamisha, mapigano ya Julai 2016 yakausimamisha tena, kisha likaja janga la korona. Leo bodaboda hulipita bila kupunguza mwendo. Dereva anawaza bei ya petroli, abiria anawaza anakokwenda, wala hakuna anayewaza hesabu zilizolala ndani ya nguzo. Daraja la zamani la vyuma, hilo tulilifikiria sana, hasa mwaka 2006 sehemu yake moja ilipoporomoka.

Hapa pana kitendawili. Kazi ya mwimbaji ikifana, kila mtu humwona mwimbaji. Kazi ya mhandisi ikifana, mhandisi hutoweka, na akili ya mtumiaji inabaki huru kuwaza mambo mengine. Tunamkumbuka siku kitu kinapovunjika. Ikiwa ni hivyo, kumtambua mhandisi bora ni kazi ya kutafuta kwa makusudi kitu ambacho ubora wake umo katika kutoonekana. Macho ya kawaida hayatoshi, yanahitaji kufundishwa.

Kama ubora unajificha, tuupime kwa kipimo gani? Jibu linalokuja haraka ni ukubwa na ugumu: aliyefanya jambo kubwa lililowashinda wengine ndiye bora. Jibu hilo lina nguvu, nami nisingelidharau kama nisingekuwa naishi katika nchi yenye Mfereji wa Jonglei. Mwaka 1978 ilianza kuchimbwa njia mpya ya maji kutoka upande wa Bor hadi karibu na Malakal, kilomita 360, ili sehemu ya maji ya Nile ipite kando ya vinamasi vya Sudd bila kupotea kwa mvuke, na kuwafikia watu wa kaskazini mwa Sudan na Misri. Mashine iliyoletwa kuchimba ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani kwa kazi hiyo: iliundwa Ujerumani, ilikuwa imeshafanya kazi Pakistan, na uzito wake ulizidi tani 2,000. Kwa kipimo cha ukubwa na ugumu, ile ilikuwa ngoma iliyochezwa kwa ufundi wa hali ya juu. Zaidi ya kilomita 240 zilikuwa zimeshachimbwa vita vilipousimamisha mradi mwaka 1984. Mashine ipo palepale mpaka leo, ikila kutu kwenye nyasi.

Ilikosa nini? Vyuma vyake vilikuwa sawa, na hesabu zake zilikuwa sawa. Lakini Oktoba 1974, kabla jino lolote halijagusa udongo, wanafunzi na wakazi wa Juba walikuwa wameshaingia barabarani kuupinga mfereji huo, na watu walikufa. Kulikuwa na uvumi mwingi katika hasira ile, ila ndani ya uvumi kulikuwa na swali la haki: haya maji yanaondolewa kwa ajili ya nani, na nani aliulizwa? Mwaka 1981 mwanafunzi mmoja wa Sudan Kusini alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, kwa tasnifu juu ya maendeleo ya watu wa eneo hilohilo la Jonglei. Jina lake John Garang. Miaka miwili baadaye alikuwa akiongoza jeshi la msituni. Leo kaburi lake liko katikati ya mji huu, na mfereji ulioshughulisha tasnifu yake haujakamilika. Mwaka 2022 mjadala wake ulirudi Juba kwa kishindo, na swali lililogawa watu lilikuwa lilelile la 1974.

Sasa naweza kujaribu kulifafanua neno. Ubora ni neno la kulinganisha: hiki ni bora kuliko kile. Umahiri ni neno la mkono uliozoea kazi. Lakini umahiri wa kihandisi, hasa ule unaofaa kufundishwa chuoni, una sharti la ziada. Ni uwezo wa kulifanya jambo gumu liwe jepesi kwa mtu ambaye huenda asijue kamwe kwamba lilikuwa gumu, jambo ambalo mtu huyo mwenyewe angelikubali kama angeulizwa. Ukiondoa kipande cha mwisho, unabaki na mashine nyasini.

Tukiishika maana hiyo, utafiti nao unabadilika sura. Tumezoea kumwita mtafiti bora yule aliyegundua kitu kipya. Kaskazini mwa Juba, ukiufuata mto, kuna Mongalla, ambako kuanzia mwaka 1905 watu walipima maji ya Nile na kuyaandika, mwaka baada ya mwaka, mpaka vita vya miaka ya 1980 vilipoikatiza kazi hiyo. Anayesoma kina cha mto na kuandika tarakimu hajagundua chochote siku ile. Wala kesho yake. Thamani ya tarakimu yake huja inapokaa pamoja na maelfu nyingine, pale mtu anapotaka kujua kama mafuriko ya mwaka huu ni ajali au ni tabia mpya ya mto. Baada ya mafuriko yaliyoizunguka Bentiu kwa miaka kadhaa, ikabaki kama kisiwa ndani ya kuta za udongo, hatuhitaji kuelezwa mara mbili thamani ya rekodi isiyokatika. Uvumilivu wa namna hii ni umahiri kamili, ila haujui kupanda jukwaani.

Na ufundishaji? Hapo giza linazidi. Mhadhiri wa miundo humfundisha kijana leo, na cheti chake cha kweli hutiwa saini miaka 30 baadaye na ukuta usiopasuka, katika mji ambao mhadhiri huenda hakuwahi kuufika. Matunda huiva mkononi mwa mwingine. Ndiyo maana tuzo ya mwalimu bora, ikitolewa mapema, hupima kupendwa kwake darasani. Ikisubiri matunda, humkuta amestaafu au amezikwa. Je, tuache kabisa? Sidhani. Ila tukubali kwamba tunapomtuza mwalimu tunatoa imani zaidi kuliko tunavyotoa hukumu. Tunasema: hatujaona mavuno, lakini tumeona anavyopanda.

Sasa tuje kwenye neno la pili, lililo gumu zaidi kwa watu wa hapa. Kwao ni wapi?

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa kwa amri mwaka 1975 na kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1977, katika miaka michache ya amani iliyofuata mapatano ya Addis Ababa. Mwaka 1989, kwa sababu ya vita, kilihamishiwa Khartoum, nacho kikakaa huko takribani miaka 20, kikiitwa Juba bila kuwa Juba. Fikiri kidogo, msomaji, juu ya hali hiyo. Chuo ni nini kinapoondolewa mahali pake? Majengo hayahami, na maabara hazifungwi kama godoro. Wanaohama ni watu, pamoja na mazoea yao ya kuuliza na kujibu. Aliyesimama mbele ya ubao katika mji wa ugenini, akalifundisha somo lilelile kwa uzito uleule, alikuwa akicheza kwao au kwa watu?

Wakati chuo kikiwa Khartoum, maelfu ya watoto wa nchi hii walikuwa wakisoma upande mwingine: Kakuma nchini Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, na waliobahatika wakafika Makerere au Nairobi. Kiswahili hiki ninachokiandika kimerudi Juba na watu hao, kabla nchi haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Ukimwuliza mhandisi kijana wa namna hii kwao ni wapi, ataanza kwa kucheka.

Jibu la kwanza ni kwamba kwao ni alikozaliwa. Jibu hili haliwezi kusimama peke yake, kwani wapo wanaozaliwa mahali pasipowajua. Jibu la pili ni kwamba kwao ni panapompa mkate. Hili nalo linapungua, kwani mkate hutolewa hata na asiyejali unachofanya. Nadhani methali inaelekeza kwenye jibu la tatu. Kwao ni pale ambapo watazamaji wanaijua ngoma. Wanajua hatua ipi ni ya kawaida na ipi imetoka kwa bwana wa kucheza, kwa hiyo makofi yao yana maana. Mgeni hupiga makofi kwa kila kitu, naye mtu wa kwao hupiga pale panapostahili.

Chukua mfano wa Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Tanzania aliyekuwa akifundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha. Alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na teknolojia ya nano, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Wapo wanaosikia habari hiyo na kuona aibu: mbona London ndiyo iliyotutambulia mtu wetu? Naielewa aibu hiyo, ila naona imeangalia upande mmoja. Kampuni aliyoianzisha Hilonga aliipa jina la kijiji chake, Gongali. London ilimpa tuzo. Gongali ilikuwa imeshampa swali. Kabla mtu hajatambuliwa, yeye mwenyewe hutambua jambo, na hilo alilolitambua mara nyingi ndilo linalokuonyesha kwao ni wapi.

Lakini nisiwe mwepesi. Mwamuzi wa mbali ana faida ambayo watu wa karibu hatuna. Katika nchi yetu, swali la "wewe ni wa wapi?" mara nyingi hutangulia swali la "unajua nini?" Tukiwaachia wa nyumbani peke yao kazi ya kutunza, ngoma itachezwa na mpwa na kusifiwa na mjomba. Kwa hiyo hesabu kavu za machapisho katika majarida ya nchi za mbali, ambazo wengi wetu huzilalamikia kwamba hazijali matatizo yetu, zinamlinda pia asiye na mjomba. Malalamiko ni ya haki, na ulinzi nao ni wa haki. Naona tunahitaji vyote viwili: mwamuzi wa mbali atusaidie kuwa waadilifu, na shahidi wa karibu atusaidie kuwa wakweli. Tumwulize mtaalamu asiyetujua kama hesabu ni sahihi. Tumwulize mama anayechota maji kama maji yamekuja.

Limebaki neno la tatu: kutunzwa. Hapa wahenga wanatuonya kwa methali nyingine, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Je, sifa huharibu? Wengine husema hivyo, kwamba mtafiti wa kweli hahitaji makofi. Mimi naona mgema yule hakuharibiwa na sifa. Aliharibiwa na walioonja tembo siku ya kwanza, wakamsifu, kisha wakaacha kuonja.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Wahandisi wakaingia kazini, na mwaka 1990 magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani kwa shangwe za taifa zima. Gari hilo halikuwahi kuingia sokoni. Jirani yao, Novemba 2011, Makerere ilionyesha Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili, kazi ya wanafunzi na wahadhiri wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa. Shangwe zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuja baadaye: ikaundwa kampuni ya umma ya Kiira Motors, mwaka 2016 likatoka basi la Kayoola lenye paneli za sola juu ya paa, na kiwanda kikajengwa Jinja. Sijui kama mabasi hayo yatashinda soko, wala sidai kwamba wahandisi wa Kampala walikuwa na akili kuliko wa Nairobi. Ninachoona ni kwamba neno kutunza lilifanya kazi moja Nairobi, na kazi zote mbili Kampala.

Hapo ndipo ninapoogopa kidogo tabia yetu ya kusifu. Mwaka 2024, baada ya bomba la mafuta kupasuka ndani ya Sudan na mapato ya nchi kuanguka, watumishi wa umma wa Sudan Kusini walikaa miezi mingi bila mishahara. Wahadhiri ni watumishi wa umma. Kumwita mtu wa namna hiyo shujaa kwa kuwa ameendelea kufundisha ni rahisi, na ni kweli. Lakini ukweli huo una hatari ndani yake. Tukizoea kuusifu uvumilivu, tutaanza kuuhitaji. Na tukiuhitaji, hatutakuwa na haraka ya kuondoa kinacholazimu watu wavumilie. Cheti cha ushujaa kinaweza kuwa hati ya deni ambayo mdaiwa amejitilia saini mwenyewe ili asilipe. Mbuzi hatunzwi kwa kuambiwa kwamba anavumilia njaa vizuri.

Basi tuzo ya chuo kikuu ingekuwa nini, kama ingebeba maana zote mbili? Nafikiri ingeanza kwa kuangalia pasipong'aa: kwa mpimaji wa mto, kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza anayesahihisha hesabu usiku kwa tochi ya simu. Ingewauliza wahitimu wa miaka kumi iliyopita ni nani bado wanamsikia vichwani wanapotaka kukata kona katika kazi. Na baada ya makofi ingeuliza swali la mfugaji: huyu anahitaji nini ili kesho aendelee? Pengine ni mshahara kwa wakati, pengine kifaa kimoja cha maabara. Pengine ni mwanafunzi wa kumrithi.

Nimelirudia rudia lile tukio la ukumbini nililoanza nalo. Mwanamke anayenyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu hasubiri wimbo uishe. Huenda ubeti unapomgusa, mwimbaji akiwa bado amefumbua kinywa. Na kila aliyemo ukumbini hugeuza macho kumtazama yeye, mtoaji, kwa sababu kwa kunyanyuka amekiri kwamba maneno yale ni habari yake. Noti imemwendea mwimbaji, ila aliyejifunua ni mtunzaji.

Daraja la Uhuru bado linapitwa na bodaboda, na nyuma ya ubao fulani hapa Juba kuna mtu anayefundisha kwa nini halianguki. Wimbo wake haujaisha. Sijui ni nani kati yetu atakayenyanyuka, lakini akinyanyuka tutajua kwamba ngoma hii anaijua.